Mama alifariki kwa saratani: je, nipime jeni au niache nilivyo?

Swali: Daktari, nina miaka 34 na mtoto mmoja wa kike wa miaka 9. Mama yangu alifariki kwa saratani ya ovari nikiwa na miaka 16. Mwaka huu mama mdogo, ambaye aliugua saratani ya matiti akiwa na miaka 41, amepimwa na kuambiwa kwamba ana kasoro katika jeni ya BRCA1, na kwamba sisi ndugu wa damu tunaweza kupimwa. Mdogo wangu wa kike amekwisha kukata shauri kwenda. Mimi kila nikifikiria silali. Nahofia kwamba nikiambiwa ninayo sitaishi tena kwa amani, nitakuwa nausubiri ugonjwa tu. Je, ni kweli kipimo hiki huwavuruga watu akili? Na kama sitaki kujua, je, nakosea?

Jibu: Dada yangu, pole kwa kumpoteza mama ukiwa bado binti mdogo, na pole kwa usiku unaoukesha. Mimi ni mwanasaikolojia ninayehudumia familia zenye saratani za kurithi, na maswali yako yote mawili nitayajibu bila kukuzungusha. Kwa watu walio wengi kipimo hiki hakivurugi akili, hata pale majibu yanapokuwa mabaya. Na mtu asiyetaka kujua hakosei. Lakini majibu mafupi namna hiyo hayatoshi kukusaidia kuamua, kwa sababu wapo watu ambao kweli huumia, na katika barua yako yamo mambo mawili matatu yanayonifanya nitake uingie kwenye jambo hili ukiwa umejiandaa, si kwa kuvutwa na haraka ya mdogo wako.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. BRCA1 ni jeni ambayo kila mwanadamu anayo, awe mwanamke au mwanamume, na kazi yake ni kusaidia kurekebisha DNA, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, inapokatika ndani ya seli. Mwaka 1990 mtaalamu wa vinasaba Mary-Claire King na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba jeni hiyo imekaa kwenye kromosomu ya 17, na mwaka 1994 jeni yenyewe ikatambuliwa. Kinachorithiwa katika familia kama yenu ni nakala yenye kasoro, na mzazi aliye nayo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Kwa kuwa mama mdogo anayo, na mama yako aliugua saratani ya ovari, ambayo huambatana sana na kasoro hii, kuna kila dalili kwamba mama naye alikuwa nayo. Kwa hiyo uwezekano wako wewe ni karibu 50 kati ya 100. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, ukihusisha wanawake karibu 10,000 wenye kasoro za BRCA1 na za BRCA2, jeni nyingine ambayo kasoro yake nayo huleta saratani hizi, ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, 72 hupata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 80, na 44 hupata saratani ya ovari.

Namba hizo ni kubwa, na sitazipunguza ili nikufariji. Ninachokuomba ni uzisome zilivyo. Hiyo ni hesabu ya maisha mazima hadi miaka 80, wala si ya mwaka ujao. Ni hesabu ya kuugua, wala si ya kufa. Na ni hesabu ya wanawake ambao hawakuchukua hatua kubwa za kujikinga. Watu wengi wakiambiwa "72 kati ya 100" husikia hukumu iliyokwisha kutolewa na kutiwa muhuri. Kazi ya kwanza ya mshauri nasaha wa vinasaba ni kurudi kwenye namba hiyo polepole, mara mbili, mara tatu, mpaka mtu aisikie kama namba.

Sasa nije kwenye swali lako la akili. Hofu uliyo nayo walikuwa nayo wataalamu wenyewe. Kipimo cha BRCA1 kilipoanza kutolewa katikati ya miaka ya 1990, wengi waliogopa kwamba watu wangeingia kwenye sonona au hata kujidhuru, na ndiyo maana utaratibu wake uliazimwa kwa sehemu kubwa kutoka kwenye kipimo cha Huntington, ugonjwa wa kurithi wa ubongo ambao hauna tiba: vikao vya ushauri kabla ya kutoa damu, na vingine baada ya majibu. Mwaka 1996 mtafiti Caryn Lerman na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wa familia zenye BRCA1. Wale walioambiwa hawana kasoro walipungukiwa na dalili za sonona, na wale walioambiwa wanayo hawakuongezeka dalili hizo, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mwaka 2009 uchambuzi uliokusanya tafiti 20 ulionyesha picha iliyo karibu na ile ninayoiona mimi: aliyekutwa na kasoro hupandwa na fadhaa katika wiki za mwanzo, kisha fadhaa hiyo hushuka na kurudi ilipokuwa kabla ya kipimo. Kwa wengine huchukua miezi michache, kwa wengine karibu mwaka.

Hata hivyo sipendi tafiti hizi zitumiwe kumwambia mtu kwamba hofu yake haina msingi. Wengi wa waliochunguzwa walijitokeza wenyewe na walipewa ushauri mzuri kabla na baada; hazituambii kitakachompata mtu anayesoma majibu yake peke yake kwenye simu. Tena, dodoso za kawaida za sonona huuliza kama umekosa hamu ya kula au usingizi. Haziulizi kama umemtazama binti yako akicheza na moyo ukakuuma. Kwa sababu hiyo mwaka 2002 ilitungwa dodoso maalumu yenye maswali 25, iitwayo MICRA, ambayo huuliza kuhusu hatia, mashaka juu ya watoto, ugumu wa kuamua, ugumu wa kuzungumza na ndugu, na pia kuhusu nafuu ambayo mtu ameipata. Ukiuliza kwa namna hiyo, mzigo huonekana hata kwa watu ambao vipimo vya kawaida vinasema wako salama. Ni mzigo ambao watu hubeba huku wakifanya kazi, wakilea na wakicheka, lakini upo.

Ni nani basi anayeelekea kuumia zaidi? Kwa uzoefu wangu na kwa tafiti nilizozisoma, ukubwa wa hatari si kiashiria kizuri. Anayeumia ni yule aliyewahi kuwa na sonona au wasiwasi mkubwa kabla. Ni yule aliyekuwa na uhakika moyoni kwamba hana, akakutwa nayo. Ni yule anayeyabeba majibu bila mtu wa kumwambia. Ni mzazi wa watoto wadogo. Na ni yule aliyemuuguza mzazi na kumzika akiwa bado mtoto au kijana. Hapo, dada yangu, ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili.

Katika kikao cha kwanza huwa tunachora ukoo kwenye karatasi. Mwanamke huwekewa duara, mwanamume mraba. Aliyeugua saratani umbo lake hupakwa wino, na aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari. Ni kazi ya kitaalamu tu, lakini kalamu inapofika kwenye duara la mama nimeona watu wazima, waliokuja na maswali yao yameandikwa vizuri kwenye daftari, wakinyamaza ghafla. Nauliza umri aliougua, nami najibiwa jambo jingine kabisa: gauni alilovaa siku ya mwisho aliporudi nyumbani, au jinsi watoto walivyotolewa chumbani ili wakubwa wazungumze. Kwa dakika hizo hatuzungumzii jeni. Tunazungumzia msiba ambao mtu aliupitia akiwa na miaka 16 bila kuelezwa lolote, na ambao sasa unapata jina la kitabibu. Wanawake wengi waliofiwa hivyo huishi wakihesabu kuelekea umri ambao mama aliugua, na kadiri wanavyoukaribia ndivyo kila maumivu ya tumbo yanavyogeuka kuwa habari. Hukuniandikia mama alikuwa na miaka mingapi, lakini nadhani wewe unaujua umri huo barabara. Ikiwa ni hivyo, msiba huo unastahili kikao chake peke yake kabla ya kipimo, kwa sababu usipotengwa na kipimo, majibu yoyote yatakayotoka yatasomwa kana kwamba yanamhusu yeye.

Watu hudhani majibu ni mawili, ndiyo au hapana. Kwa kweli yako matatu, na lile la tatu ndilo linalowatesa watu kwa muda mrefu zaidi: maabara huona badiliko kwenye jeni lakini haijulikani kama lina madhara au ni tofauti ya kawaida tu baina ya watu. Wenye asili ya Afrika na Asia hupewa jibu hili mara nyingi kuliko wenye asili ya Ulaya, kwa sababu hazina kubwa za vinasaba zilijengwa zaidi kwa damu za Wazungu. Mengi ya mabadiliko hayo yakichunguzwa baadaye huonekana hayana madhara, na kwa sababu hiyo haishauriwi mtu kufanyiwa upasuaji wa kinga kwa kutegemea jibu la namna hiyo peke yake. Wewe una bahati moja katika jambo hili. Mama mdogo amekwisha kupimwa, na kasoro ya familia yenu inajulikana kwa jina lake kamili, kwa hiyo maabara inaweza kuangalia kasoro hiyo hiyo tu na kukupa jibu lililo wazi. Ukipimwa jeni nyingi kwa mpigo, kama inavyofanywa siku hizi, uwezekano wa kuletewa jibu la mashaka huongezeka. Uliza mapema ni kipimo kipi unachopewa.

Jibu la "hapana" nalo si jepesi kama linavyodhaniwa. Kwako lingekuwa "hapana" ya kweli, maana kasoro inayotafutwa inajulikana, na hatari yako ingerudi karibu na ile ya mwanamke yeyote, ambayo si sifuri: nchini Marekani, kwa mfano, wanawake wapatao 12 au 13 kati ya 100 hupata saratani ya matiti katika maisha yao, na saratani nyingi hazitokani na jeni za kurithi. Wengine hawaamini jibu hilo. Wamejiona kwa miaka mingi kama watu wa kufa mapema, wamepanga ndoa, kazi na uzazi kwa kipimo hicho, na ghafla wanaambiwa wana maisha marefu ambayo hawakuyaandalia. Wengine huingiwa na hatia ambayo hawawezi kuieleza mbele za watu, kwa sababu nani atamhurumia mtu aliyepewa habari njema?

Hatia hiyo huja kwa nguvu baina ya ndugu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ninyi ni wawili. Ndugu wawili ambao mzazi wao ana kasoro hii wana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kupata majibu yanayotofautiana: mmoja anayo, mwingine hana. Si jambo la nadra. Ni sawa na kurusha sarafu. Nimewaona dada wawili walioshikana mikono wakiingia kusikia majibu, na miezi iliyofuata hawakuzungumza, si kwa ugomvi bali kwa sababu aliyesalimika aliona aibu kufurahi na aliyekutwa nayo aliona aibu kulalamika. Walichokikosa ni mazungumzo ya kabla. Kaeni chini, wewe na mdogo wako, sasa hivi wakati bado mko sawa, mwambiane: ikitokea mimi ninayo na wewe huna, ningependa unifanyie nini, na ningependa usiniambie nini? Je, tutasikia majibu siku moja au kila mtu na siku yake? Ushauri wangu ni kila mtu na kikao chake, hata kama ni siku ile ile, ili kila mmoja awe na dakika chache za kuyapokea yake kabla ya kuuangalia uso wa mwenzake. Mwambie pia kwamba anaweza kupimwa yeye bila wewe. Majibu yake hayaamui yako, na yako hayaamui yake.

Tuje sasa kwenye jibu unaloliogopa. Ukiambiwa unayo, siku za mwanzo zitakuwa ngumu. Utasikia sentensi ya kwanza, na nyingi zitakazofuata hutazisikia; ndiyo maana nawataka watu waje na mtu atakayeandika. Utakuwa na wiki za kuutazama mwili wako kwa mashaka. Utajikuta huna jina la kujiita, maana huumwi na bado unahudhuria kliniki ya wagonjwa, na watu watakuuliza umepona lini ugonjwa ambao hujawahi kuugua. Hali hiyo ya kuwa katikati ni ngeni kwa jamii nyingi na huchosha. Kinachowatoa watu humo, kwa niliyoyaona, ni kupata la kufanya, na habari ya faraja kuhusu BRCA1, tofauti na Huntington, ni kwamba la kufanya lipo. Kuna uchunguzi wa matiti kwa MRI kila mwaka, ambao huanza mapema tangu miaka ya ishirini, na mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, huongezwa baadaye. Kuna upasuaji wa kutoa matiti kabla ya ugonjwa, ambao hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa takriban 90 kati ya 100 au zaidi, lakini si lazima, na wanawake wengi huchagua uchunguzi badala yake. Mwaka 2013 mwigizaji wa filamu Angelina Jolie alipotangaza hadharani kwamba amefanyiwa upasuaji huo kwa sababu ya BRCA1, maombi ya kupimwa yaliongezeka katika nchi nyingi. Jambo jema, ila baadhi ya wanawake walifika wakiamini kwamba njia ni hiyo moja. Katika kazi yangu, wanaokuja kujuta ni hasa wale wanaohisi kwamba uamuzi haukuwa wao, kwamba walisukumwa na daktari au na mume.

Kwa ovari mambo ni tofauti, na hapa siwezi kukuficha uzito wa umri wako. Hakuna uchunguzi wa ovari uliothibitika kuokoa maisha. Ultrasound na kipimo cha damu cha CA-125 havijaonyesha kupunguza vifo. Kwa hiyo wenye kasoro ya BRCA1 hushauriwa kutolewa ovari na mirija yake kati ya miaka 35 na 40, wakiwa wamemaliza kuzaa. Wewe una 34. Sisemi hivi ili kukukimbiza. Hakuna kitakachoharibika kwa kusubiri miezi michache ukijiandaa. Nasema kwa sababu uamuzi wa kutojua ukiwa na miaka 22 na uamuzi huo huo ukiwa na miaka 38 haulingani uzito, na nisingependa ugundue tofauti hiyo umechelewa. Upasuaji huo nao una gharama yake moyoni: hedhi hukoma kwa mara moja badala ya kufifia kwa miaka, na pamoja nayo huja joto la ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, hamu ya tendo la ndoa kupungua, na kwa wengine huzuni. Wasiowahi kuugua saratani ya matiti mara nyingi wanaweza kupewa homoni za kupunguza hali hiyo. Kama una nia ya kuzaa tena, lisemwe hilo kwenye kikao cha kwanza, lisingoje majibu.

Kuhusu swali lako la pili. Tamko la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu jenomu ya mwanadamu na haki za binadamu linasema kwamba kila mtu ana haki ya kuamua kama ataarifiwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vyake au la, na haki hiyo iheshimiwe. Mama mdogo hawezi kukulazimisha, mdogo wako hawezi, na mimi sitathubutu. Ukichagua kutopimwa, hiyo haikuondolei huduma: historia ya familia yenu peke yake inatosha kumfanya daktari akupangie uchunguzi wa matiti wa mapema.

Ila naomba ujiulize kwa ukweli kama kutojua kunakupumzisha. Mwaka 1998 Lerman na wenzake walichapisha utafiti mwingine ambao naufikiria kila ninapopata barua kama yako. Waliwafuatilia watu wa familia zenye kasoro za BRCA waliopewa nafasi ya kupata majibu. Miongoni mwa waliokuwa tayari na msongo mkubwa kuhusu saratani, wale waliokataa majibu walizidi kudidimia: wenye dalili za sonona walikuwa 26 kati ya 100 mwanzoni, na mwezi mmoja baadaye wakawa 47 kati ya 100. Kwa watu ambao hawakuwa na msongo mwanzoni, kukataa hakukuwadhuru hivyo. Ninavyolielewa jambo hili, yupo mtu asiyejua na ametulia, na yupo mtu asiyejua ambaye kila usiku anajipima kichwani na kila usiku anajikuta nayo. Wewe umeniandikia kwamba hulali. Sitakuamulia, lakini nikiulizwa maoni yangu kutokana na mistari uliyoandika, nadhani tayari unaishi na jibu la "ndiyo" bila kupata uchunguzi wala kinga ambayo "ndiyo" ya kweli ingekuletea.

Binti yako asipimwe sasa. Saratani za BRCA1 haziwapati watoto, hakuna ambalo daktari angelifanya tofauti akiwa na miaka 9, na kumpima kungemnyang'anya haki ile ile unayoitetea wewe. Ataamua mwenyewe akiwa mtu mzima. (Kuna saratani za kurithi ambazo kwazo watoto hupimwa, kama ile ya utumbo mpana inayotokana na jeni ya APC, kwa sababu uchunguzi wake huanza kwenye miaka 10 hadi 12. Hiyo ni habari nyingine.) Lakini kutompima si kumficha. Watoto wa umri huo hunasa minong'ono na kuijaza wenyewe kwa mambo mabaya kuliko yaliyopo, kama pengine wewe ulivyofanya kwenye miaka yako 16. Mweleze kwa sentensi chache za kweli: bibi aliugua, madaktari siku hizi wanaweza kuangalia mapema kama mama yuko salama, na mama anaenda kuangaliwa. Akiuliza zaidi, mjibu alichouliza tu. Na ile hatia inayokujia, kwamba huenda umempa kitu kibaya, karibu kila mama na kila baba niliyekutana naye huwa nayo; akina baba huificha zaidi, kisha husahau kwamba wao nao wanaweza kuwa na kasoro hii na kuwarithisha binti zao. Hakuna mzazi anayechagua nakala gani ya jeni impite mtoto.

Mambo machache ya kujilinda. Usipime kwa vifaa vya kutemea mate vinavyouzwa kwenye intaneti: kile ambacho mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiruhusu mwaka 2018 kiliangalia mabadiliko 3 tu ya BRCA, yaliyozoeleka kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki, ilhali yanayojulikana ni maelfu, kwa hiyo "hapana" yake isingekuambia kitu. Uliza kuhusu bima kabla ya kutoa damu, kwani sheria hutofautiana. Ile ya Marekani ya mwaka 2008, kwa mfano, inawazuia waajiri na bima za afya kutumia majibu haya dhidi yako lakini haigusi bima za maisha. Siku ya majibu isiwe karibu na kumbukumbu ya kifo cha mama, wala katikati ya jambo kubwa jingine. Na baada ya majibu, yoyote yale, ukiona kwa zaidi ya wiki mbili hulali wala huli, au unajipapasa matiti mara nyingi kwa siku, au unakwepa miadi ya uchunguzi kwa woga, mrudie mshauri wako au mwanasaikolojia, kwa sababu hali hizo zinatibika vizuri kwa tiba ya mazungumzo. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje hata siku moja. Mwambie mtu aliye karibu na ufike hospitali.

Hatua ninayokushauri uichukue wiki hii haihitaji ujasiri mkubwa. Mwombe mama mdogo nakala ya ripoti yake ya maabara, ile yenye jina kamili la kasoro, kwa sababu bila hiyo maabara itatafuta kwa kubahatisha. Kisha omba miadi ya ushauri nasaha wa vinasaba peke yake, useme wazi kwamba hujaamua kupima. Kikao hicho hakikufungi. Unaweza kukimaliza na kurudi nyumbani bila kutoa damu, na hata ukitoa damu leo, unaweza kuahirisha kusikia majibu mpaka utakapokuwa tayari, au usiyasikie kabisa.